Imezimwa, Imezimika, Imezimia: Tarakilishi ya Mwalimu Baada ya Giza la Agosti

Runyenjes ni mji mdogo ulio kando ya barabara kuu ya kutoka Embu kwenda Meru, kwenye miteremko ya kusini-mashariki ya Mlima Kenya, mahali ambapo kahawa na chai ndizo zinazolipa karo. Mjini humo, kama kwingineko nchini Kenya, ugonjwa wa kompyuta una jina moja tu: imezima. Kompyuta iliyokatikiwa na stima imezima. Kompyuta iliyopata joto hadi ikashindwa kuendelea imezima. Hata ile iliyoganda, picha ingali kwenye skrini, mwenyewe akiulizwa na fundi atasema imezima. Ni jambo la kustaajabisha kwamba wasemaji wa lugha yenye utajiri wa viambishi vya unyambuaji kama Kiswahili, ambao wengi wao wamefundishwa kauli za vitenzi kuanzia shule ya msingi hadi kidato cha nne, wanapofika mbele ya fundi huridhika na umbo moja tu la kitenzi. Kisa kifuatacho ni cha mwalimu wa Kiswahili wa shule ya upili viungani mwa mji huo, ambaye nusura umbo hilo moja limpotezee kazi ya miaka miwili.

Usiku wa Ijumaa tarehe 25 Agosti 2023, mwendo wa saa nne kasorobo, umeme ulipotea karibu nchi nzima. Halikuwa giza la kawaida la transfoma ya kijijini. Nairobi ilikuwa gizani, na hata Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Jomo Kenyatta ulikosa stima kwa saa kadhaa, abiria wakisubiri kwa mwanga wa simu zao. Baadhi ya sehemu za nchi zilikaa takriban siku nzima kabla ya taa kuwaka tena. Shule zilikuwa zifunguliwe Jumatatu tarehe 28, na walimu wengi walikuwa katika pirikapirika za mwisho za likizo. Mwalimu wetu alikuwa mezani, akiandika sura ya nne ya tasnifu yake ya uzamili.

Kwa mwenyeji wa Embu, giza la aina hii lina kejeli yake. Mabwawa makubwa ya Mto Tana, yaani Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, yamepangana upande wa chini wa kaunti hiyo, na kwa miongo mingi yamekuwa uti wa mgongo wa umeme wa Kenya. Mkazi wa Runyenjes angetarajia kuwa aliye karibu na kisima hafi kiu. Lakini umeme wa gridi hauna jirani. Kilichozalishwa Gitaru huingia katika mfumo mmoja na kilichozalishwa kwa mvuke wa Olkaria au kwa upepo wa Turkana, na mfumo ukiyumba upande mmoja, upande mwingine nao huyumba. Mnamo tarehe 7 Juni 2016 nyani mdogo, tumbili, alipanda juu ya paa la kituo cha Gitaru, akaangukia transfoma, nayo ikajifunga. Mitambo mingine ikalemewa, zaidi ya megawati 180 zikapotea, na Kenya nzima ikakaa gizani kwa saa kadhaa. Tumbili mwenyewe alinusurika. Watu wa Embu hawajaacha kukisimulia kisa hicho, na baadhi yao husimulia kwa fahari kidogo, kana kwamba tumbili huyo alitumwa kuikumbusha Nairobi stima yake hutoka wapi.

Turudi kwa mwalimu. Tasnifu yake ilihusu majina ya mimea na ya misimu katika Kiembu, na namna majina hayo yanavyotafsirika, au yanavyokataa kutafsirika, kwa Kiswahili. Data yake ilikuwa sauti za wazee kumi na mmoja, alizozirekodi kwa kinasa sauti cha kuazima katika likizo za mwaka 2021 na 2022. Kinasa hicho kilirudishwa kwa mwenyewe na kufutwa kilichokuwamo. Wazee wawili kati ya wale kumi na mmoja walikuwa wamekwisha kufariki. Rasimu ya sura tatu za kwanza ilikuwa kwa msimamizi wake, imejaa wino mwekundu. Hiyo ingeweza kuandikwa upya. Sauti, hata hivyo, zilikuwa mahali pamoja tu duniani: ndani ya kompyuta ya mezani, ya aina ile inayoletwa Kenya ikiwa imekwisha kutumika katika ofisi za Ulaya, iliyokuwa sebuleni kwake.

Stima zilirudi Jumamosi, zikaondoka, zikarudi, zikaondoka tena, kisha zikatulia. Hapa ndipo panapostahili kutiliwa mkazo, kwa maana watu huogopa kuondoka kwa umeme ilhali aghalabu kinachoharibu ni kurudi kwake. Umeme unaporudi mtaani, kila kilichoachwa kimewashwa huuvuta kwa mkupuo mmoja: majokofu, pasi, vinu vya kusaga mahindi, mashine za kuchomelea vyuma. Nguvu iliyopaswa kuwa volti 240 hushuka sana, kisha mzigo unapopungua hupanda ghafla kupita kiasi. Kifaa kilichoachwa kwenye soketi hupokea mshuko na mpando huo wote. Dawa yake ni ya bure: kuchomoa waya mara stima zinapopotea, kuacha taa moja imewashwa iwe mlinzi, na taa hiyo ikiwaka, kusubiri dakika kumi hivi pasipo papara. Mwalimu hakuichomoa kompyuta. Alichofanya ni kile ambacho kina mama wengi wangefanya: aliisukuma hadi ukutani ili meza ipate nafasi ya taa na sufuria, akaifunika kwa kitambaa cha kufuma, kile kile kinachopamba makochi na redio katika sebule za Kenya, ili isiingie vumbi.

Jumapili jioni aliiwasha. Ikawaka, lakini ikadai kuwa ni tarehe 1 Januari 2010. Alipojaribu kufungua barua pepe, kila tovuti ilimkataa kwa onyo kuwa usalama wake hauthibitiki. Jirani aliyeitwa kutazama alitoa uamuzi papo hapo: virusi. Baada ya robo saa hivi kompyuta ikawa nzito, feni ikanguruma kama gari linalopanda mlima, kisha ikazima. Mwalimu akaiwasha papo hapo. Safari hii ilidumu dakika nne. Jumatatu ilizima kabla hata ya kumaliza kuamka. Jumanne haikuzima; iliganda, mshale wa kipanya ukasimama katikati ya skrini.

Siku hiyo hiyo kijana mmoja wa mtaani, mwenye nia njema na ujuzi wa nusu, aliiendeshea ile programu ya kukagua diski na kurekebisha kasoro zake. Kazi ilichukua saa mbili, huku kompyuta ikizima mara moja katikati. Ilipokwisha, faili ya mzee mmoja, mmojawapo wa wale wawili waliofariki, haikuonekana tena mahali pake. Kijana akapendekeza suluhisho la mwisho, ambalo mafundi wa namna yake hulikimbilia: kufuta kila kitu na kuweka Windows upya. Alikuwa na sidii mfukoni. Mwalimu alimwomba asubiri hadi kesho yake. Hakuwa na sababu ya kitaalamu ya kumzuia; alihisi tu kuwa mtu hawezi kuponywa kwa kuzikwa.

Fundi aliyepelekewa kompyuta hiyo Jumatano ana kibanda katika mojawapo ya majengo ya mjini, kati ya duka la pembejeo za kilimo na kinyozi. Si mtu wa maneno mengi. Jambo la kwanza alilolifanya ni kutoiwasha. Mwalimu alipoinyosha mkono kwenye kitufe ili amwonyeshe tatizo, fundi aliuzuia mkono huo kwa adabu.

"Mwalimu, tusiiwashe kwanza. Niambie tu. Inafanya nini?"

"Imezima. Tangu stima zipotee, inazima tu."

"Sawa. Lakini inazima namna gani?"

Swali hilo lilimgutusha. Alijikuta akifikiria ubao wake mwenyewe na jedwali la kauli analolichora kila mwaka kwa kidato cha pili. Akaanza kujibu taratibu, na kadiri alivyojibu, ndivyo alivyogundua kuwa hakuwa na tatizo moja bali alikuwa na matatizo kadhaa yaliyovaa jina moja.

Usiku wa Ijumaa kompyuta ilizimwa. Hiyo ni kauli ya kutendwa, na mtendaji anajulikana: ni umeme uliokatika. Tukio hilo lilitokea mara moja na likaisha. Kilichoweza kudhurika kwa tukio la namna hiyo ni kile kilichokuwa kikiandikwa kwenye diski dakika ile ile, yaani sura ya nne iliyokuwa wazi. Faili zilizolala hazina sababu ya kuguswa.

Jumapili jioni jambo lilikuwa tofauti. Ilianza vizuri, ikawa nzito, feni ikapiga kelele, ndipo ikaanguka. Ilipoamshwa bila kupumzika ilidumu muda mfupi zaidi. Ilipopumzika usiku kucha ilidumu tena. Fundi alilisikiliza hili kwa makini kuliko mengine yote. Kitu kinachoanguka kwa uchovu na kuinuka baada ya kupumzika hakikuzimwa na mtu. Kiswahili kina neno la hali hiyo, nalo ni zimia, lile lile tunalolitumia kwa mtu aliyepoteza fahamu juani. Kompyuta ilikuwa ikizimia kwa joto. Prosesa za miaka hii zimeundwa zijilinde: joto likikaribia nyuzi 100 za selsiasi hupunguza kasi yake kwanza, ndiyo maana mashine huwa nzito, joto lisiposhuka, hujifunga kabisa ili zisiungue. Urefu wa muda kati ya kuwashwa na kuanguka ndio ushahidi, na hakuna kipimo kinachohitajika ila saa ya mkononi.

Jumatatu ilianguka ikiwa baridi, asubuhi, kabla ya kumaliza kuamka. Huko si kuzimia. Huko ni kuzimika: nguvu yenyewe inakatika ndani, bila kelele wala dalili. Anayeshukiwa hapo kwanza ni pawa saplai, lile sanduku dogo linaloipokea stima ya ukutani na kuigawa katika volti ndogo ndogo ambazo kompyuta inaweza kuzimeza. Na Jumanne iliganda. Stima ipo, picha ipo, lakini kitu fulani kinasubiriwa ambacho hakiji. Hapo huulizwa diski au vibao vya RAM.

Kwa hakika mashine yenyewe haisaidii sana katika kutofautisha haya. Windows hutunza kumbukumbu ya matukio yake, na kila inapoamka baada ya kuanguka bila kufungwa rasmi huandika tukio nambari 41, ambalo maana yake ni kuwa mfumo ulianza upya bila kujifunga vizuri kwanza. Nambari hiyo ni ile ile iwe umeme ulikatika, joto lilizidi au pawa saplai ilikufa. Kwa maneno mengine, nayo husema imezima. Tangu mwaka 2004, watafsiri wa mradi wa KiLinux katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walipotoa Jambo OpenOffice, Kiswahili kimekuwa kikijadiliwa kama lugha ya kompyuta, na mjadala huo kwa sehemu kubwa umekuwa wa nomino: iwe tarakilishi, ngamizi au kompyuta; iwe kipanya au puku. Wanafunzi wa Kiswahili wameandika insha nyingi juu ya nomino hizo. Vitenzi vimesahaulika, ilhali ndivyo anavyovihitaji mtu aliyesimama mbele ya fundi. Fundi wa Runyenjes, kwa taarifa ya msomaji, huiita "mashine" na hajawahi kupungukiwa na mteja kwa sababu hiyo.

Baada ya maswali, fundi alitoa msimamo wake. Hatatengeneza lolote kabla ya kunakili yaliyomo. Ataitoa diski, aiunganishe na kompyuta yake mwenyewe kwa namna ya kusoma tu bila kuandika, kisha avute kila kitu hadi kwenye diski nyingine. Mwalimu aje Alhamisi jioni.

Hapo palizuka mvutano. Msimamizi wa tasnifu alikuwa amempa mwalimu hadi Ijumaa kuwasilisha sura ya nne, na shuleni muhula ulikuwa umekwisha kuanza. Alitaka mashine iwake leo, japo kwa saa moja, aimalize sura. Kama ni joto, si isafishwe tu? Fundi alikubali kuwa kusafisha ni kazi ya nusu saa. Lakini kila kuwasha ni kamari, akasema, na kinachowekwa mezani si cha fundi. Diski inayozungushwa na stima isiyo thabiti huweza kuzimika ikiwa katikati ya kuandika, na kila kuanguka kwa namna hiyo ni fursa nyingine ya kuharibika. Ile programu ya kukagua na kurekebisha, aliongeza bila kumlaumu yeyote, hushughulikia mpangilio wa diski; haijali yaliyomo. Ikikuta vipande visivyo na mwenyewe huvikusanya na kuvipa nambari, na kazi yake imeisha. Kuiendesha kwenye mashine inayoangukaanguka ni kama kupanga nyumba wakati wa tetemeko.

Ni rahisi kumwona fundi huyu kama mtu mgumu. Katika miji midogo fundi hupimwa kwa kasi, na mteja anayeambiwa asubiri siku mbili huvuka barabara kwenda kwa mwingine. Huyu alikuwa tayari kumpoteza mteja kuliko kuharakisha. Sifa hiyo haionekani kwa macho, kwa kuwa matokeo yake ni kwamba hakuna kilichotokea. Mwalimu aliketi kwenye benchi la kinyozi kwa muda, akampigia msimamizi simu, akaomba wiki moja. Alipewa.

Kunakili kulichukua usiku mzima kwa sababu sehemu fulani za diski zilisomeka kwa taabu. Alhamisi jioni hesabu ilikuwa hivi: rekodi kumi kati ya kumi na moja zilikuwa nzima. Sura ya nne ilifunguka, lakini kurasa zake za mwisho zilikuwa tupu. Hilo lilitarajiwa, ndizo zilizokuwa zikiandikwa saa nne kasorobo. Rekodi ya kumi na moja haikuwapo kwa jina lake. Katika folda iliyoachwa na programu ya ukaguzi, hata hivyo, kulikuwa na vipande vyenye nambari badala ya majina. Fundi alivibadilisha mwisho wa majina kimoja baada ya kingine ili kompyuta ivichukulie kuwa ni sauti. Bahati ilikuwa upande wao: kinasa sauti kilihifadhi kwa muundo wa MP3, ambao umegawanywa katika vipande vidogo vidogo vinavyojitegemea, hivyo kipande kilichong'olewa kutoka kwa mwenzake bado huweza kusikika. Ingekuwa miundo mingine, ambayo hutunza ramani yake mahali pamoja, kupotea kwa ramani kungekuwa kupotea kwa yote. Kipande cha tatu kilipochezwa, sauti ya mzee ilijaa kibandani, ikieleza kwa Kiembu mti ambao gome lake huchemshwa. Kinyozi alizima redio yake.

Zilipatikana dakika 46 kati ya saa moja na dakika 12.

Baada ya hapo ndipo kazi ya kutengeneza ilipoanza, nayo haikuwa na ajabu kubwa. Sanduku lilipofunguliwa, kati ya feni na mapezi ya chuma cha kupoozea kulikuwa na tabaka la vumbi jekundu lililoshikana kama blanketi, vumbi lile lile la barabara za udongo linaloingia Runyenjes kila kiangazi na kukaa juu ya kila kitu. Dawa ya kijivu inayopakwa kati ya prosesa na chuma hicho, ambayo kazi yake ni kulipisha joto, ilikuwa imekauka na kupasuka. Vumbi la namna hiyo halikusanyiki kwa wiki moja. Mashine ilikuwa imeishi na homa kwa miaka, ikivumilia, na kilichoongezwa mwishoni mwa Agosti kilikuwa kitambaa cha kufuma na ukuta ulioziba tundu la kutolea hewa. Fundi aliitoa takataka kwa brashi ya rangi na kipulizio, akiishika feni isizunguke ovyo, akafuta dawa ya zamani kwa spiriti, akapaka mpya kiasi cha punje ya mchele. Kabla ya hapo joto la prosesa lilikuwa likigonga nyuzi 97 ndani ya dakika chache. Baadaye lilitulia kwenye 60, hata kazi ilipokuwa nzito.

Pawa saplai ilipopimwa kwa mita huku ikifanya kazi, waya wa volti 12 ulikuwa ukitoa 11.1. Kiwango kinachoruhusiwa ni asilimia tano juu au chini, yaani kisipungue 11.4. Ndani yake kapasita tatu zilikuwa zimevimba vichwa. Fundi hakuirekebisha, aliibadilisha, na akaonya kuwa sanduku hilo lisifunguliwe na mtu asiyelijua, kwa maana kapasita zake kubwa huweza kukaa na chaji ya kumrusha mtu hata baada ya waya kuchomolewa. Kapasita huvimba kwa joto la miaka mingi, na kurudi kwa stima kwa vishindo hummalizia mgonjwa aliyekwisha kudhoofika.

Vile "virusi" navyo vilikuwa betri ndogo ya duara, ukubwa wa sarafu, inayoitunzia kompyuta saa na mipangilio yake inapokosa stima. Ilikuwa imekufa zamani. Haikujulikana kuwa imekufa kwa sababu waya haukuwahi kuchomolewa ukutani, na stima ya ukutani ndiyo iliyokuwa ikiishikilia saa. Giza refu la Ijumaa liliiacha bila msaada, ikarudi mwaka 2010, na tovuti, ambazo vyeti vyake vya usalama huangalia tarehe, zikamkataa mgeni aliyetoka miaka kumi na mitatu nyuma. Betri hiyo ndiyo iliyokuwa rahisi kuliko vyote vilivyobadilishwa. Umeme ulilaumiwa kwa yote haya, kumbe sehemu kubwa ya kosa lake ilikuwa kuondoka na kuacha mambo ya siku nyingi yaonekane.

Mwalimu aliuliza anunue nini ili yasijirudie. Jibu lilimshangaza kwa uchache wake. Stabilaiza husawazisha nguvu inayopanda na kushuka, lakini haina akiba. Umeme ukikatika, kompyuta inakatika nayo. UPS ina betri ya kumpa mtu dakika chache za kuhifadhi kazi na kufunga mashine ipasavyo; inafaa, mradi betri yake ibadilishwe inapochoka, kwani UPS yenye betri iliyokufa ni tofali ghali. Ile soketi ya kuongezea yenye taa nyekundu, inayouzwa kila duka, hailindi chochote zaidi ya kuongeza matundu. Jenereta ndogo za petroli zina umeme unaoyumba, na ni vyema kompyuta isiunganishwe nazo moja kwa moja. Kabla ya hayo yote, alisema fundi, mwalimu anunue fleshi mbili.

Alizinunua jioni ile ile katika duka la jirani. Moja ilibaki shuleni, kabatini. Nyingine alimpa dada yake anayeishi mjini Embu, akamweleza kuwa ni sauti za wazee na asiweke nyimbo humo. Kitambaa cha kufuma kilirudi kwenye kochi.

Zile dakika 26 hazikupatikana. Kwenye daftari lake la nyanjani mwalimu alikuwa ameandika maswali, si majibu, akiamini kinasa kinatosha. Kwa hiyo alijua alimuuliza mzee nini katika sehemu iliyopotea, na hakujua alijibiwa nini. Likizo ya Desemba alipanda hadi nyumbani kwa marehemu, akapokelewa na mdogo wake, mzee wa makamo anayechuma chai. Alimsomea maswali yale yale kwa mpangilio ule ule. Mdogo mtu alijibu yote. Kwa mimea miwili alitaja majina ambayo hakuna mzee mwingine aliyeyataja, akasisitiza kuwa kaka yake naye alikuwa akiiita hivyo. Katika kiambatisho cha tasnifu majina hayo yamo, na mbele yake jina la aliyeyatoa ni la mdogo, na chini yake pameandikwa kuwa rekodi ya kaka inakoma katika dakika ya 46.